Chanjo ya minyoo kwa mifugo: maswali yanayoulizwa sana na wafugaji wa Mtwara na Lindi

Mvua ikishika tu, simu yangu haipumziki. Nimekuwa afisa mifugo kwenye kata za mikoa hii miwili kwa miaka ya kutosha kujua kwamba swali la Desemba ni lile lile la Desemba iliyopita. Haya hapa nimeyaokota minadani, kwenye viwanja vya Nanenane pale Ngongo, na zaidi ya yote chini ya mikorosho, mfugaji kashika mbuzi masikio nami nimeshika kope la jicho.

Chanjo ya minyoo inauzwa wapi huku kwetu?

Haiuzwi. Katika maduka ya pembejeo ninayoingia Mtwara mjini, Masasi, Nachingwea na Lindi sijawahi kuikuta. Ukiomba "chanjo ya minyoo" muuzaji atakupa chupa ya albendazoli au ivamektini, nawe utaondoka ukijua umepata chanjo. Hajakudanganya. Huku kwetu watu husema "kuchanja minyoo" wakimaanisha kunywesha dawa au kuchoma sindano ya minyoo, na muuzaji kakuelewa hivyo hivyo. Ila neno hilo lina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa mwezi Februari.

Kama zote ni sindano, dawa na chanjo zinatofautiana nini?

Sindano ni njia tu ya kuingizia kitu mwilini. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika, na mafunzo hayo hubaki kwa miezi au miaka. Dawa huua minyoo iliyomo ndani siku ile, kisha hutoka mwilini. Albendazoli humaliza kazi yake kwa siku chache. Ivamektini hukaa kidogo zaidi. Mbuzi akila majani yenye lava, yaani minyoo michanga, baada ya hapo anaanza upya, na ndani ya wiki 3 minyoo hiyo mipya imeshakomaa na inataga.

Hili mimi nilifunzwa na bibi mmoja wa Tandahimba. Nilipofika kwake nikasalimia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, si ulinichanjia mbuzi minyoo kabla ya mvua? Sasa njoo umwone huyu."

Mbuzi alikuwa kavimba chini ya taya, uvimbe laini kama puto lenye maji. Kweli nilikuwa nimewapa dawa, na kweli neno nililotumia siku ile lilikuwa "kuchanja". Yeye alielewa kama mtu yeyote angeelewa: mtoto akichanjwa surua, surua imekwisha. Tangu hapo nasema "kunywesha dawa", hata kama mfugaji mwenyewe anasema vingine.

Mbuzi wangu wamechanjwa kwenye kampeni ya serikali na wana hereni. Mbona bado wana minyoo?

Kampeni ya kitaifa ya utambuzi na chanjo ya mifugo, ile aliyoizindua Rais Samia Suluhu Hassan kule Bariadi mwezi Juni 2025, ina magonjwa yake: ng'ombe huchanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo huchanjwa sotoka, kuku hupata ya kideri na mengine ya kwao. Hayo ni magonjwa ya virusi na bakteria. Minyoo haimo. Hereni nayo ni kitambulisho, haina dawa ndani yake. Naulizwa kuhusu hili mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Sotoka kuikinga ni jambo la maana. Tandahimba na Newala wanajua ilivyowaingilia, ikasafiri na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu kule Dar es Salaam. Lakini mbuzi aliyekingwa na sotoka anaweza kufa kwa minyoo mwezi huo huo, hereni ikiwa sikioni.

Duniani kote hakuna chanjo ya minyoo?

Zipo, chache. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya minyoo ya mapafu ya ng'ombe, iliyotengenezwa na watafiti wa Glasgow, Uskoti, ikaingia sokoni mwaka 1959. Walichukua lava hai wakawapiga mionzi ili wasiweze kukomaa, kisha ndama akanyweshwa. Lava wanaingia mwilini, mwili unawaona na kujifunza, nao wanakufa kabla ya kuleta madhara. Bado inatumika Ulaya, ambako minyoo hiyo huwasumbua sana ng'ombe kwenye malisho yenye unyevu.

Inayotuhusu zaidi ni Barbervax, inayolenga minyoo inayonyonya damu kwenye tumbo la nne la kondoo na mbuzi, Haemonchus contortus. Taasisi ya Moredun ya Uskoti ilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi ikishirikiana na Waaustralia, na chanjo ikaanza kuuzwa Australia mwaka 2014. Afrika Kusini inaitwa Wirevax.

Kuna pia EG95, chanjo ya kondoo dhidi ya malengelenge ya tegu wa mbwa, na ya nguruwe dhidi ya tegu, ambayo nitaieleza mbele kwa sababu imejaribiwa hapa hapa Tanzania. Kwa minyoo ya ini hakuna chanjo sokoni mpaka sasa.

Ya kideri ni tone moja kwenye jicho la kuku. Ya minyoo imeshindikanaje?

Kirusi ni kidogo mno, kina protini chache, ukiuonyesha mwili protini hizo umemaliza. Mnyoo ni mnyama kamili. Ana ngozi, utumbo na mishipa ya fahamu, hujivua gamba mara kadhaa akikua, na kila gamba jipya ni sura mpya. Juu ya hayo hutoa kemikali za kuutuliza mwili wa mwenyeji ili usimshambulie.

Watengenezaji wa Barbervax walipita mlango wa nyuma. Mnyoo hunywa damu, na damu hupita kwenye utumbo wake. Wakachukua protini za ukuta wa utumbo wa mnyoo wakamchoma kondoo nazo. Mwili wa kondoo ukatengeneza kingamwili dhidi ya protini hizo, kingamwili zikawa zinaelea kwenye damu, na mnyoo akija kunywa anajinywea sumu ya tumbo lake mwenyewe. Hasagi tena chakula, anadhoofika, mayai yanapungua sana, wengi hutoka. Ni ujanja ambao kila nikiueleza mbele ya wazee lazima mmoja acheke.

Ujanja huo una bei. Kwa kawaida mwili wa kondoo hauoni kamwe utumbo wa mnyoo, kwa hiyo hata akila lava kila siku malishoni hakuna kinachoukumbusha somo. Kinga hushuka haraka. Ndiyo maana huchomwa sindano 3 za kuanzia zikipishana wiki 3 hadi 4, kisha moja kila wiki 6 kwa muda wote wa hatari. Na protini zenyewe bado huvunwa kutoka kwa minyoo halisi waliotolewa kwenye matumbo ya kondoo walioambukizwa makusudi, kwa sababu zile zilizotengenezwa maabara kwa njia rahisi hazikuwapa kondoo kinga ya kutosha. Bahati nzuri dozi moja inahitaji kiasi kidogo mno, hivyo kondoo mmoja hutosha dozi nyingi.

Ikiletwa Mtwara na Lindi itatufaa?

Tupige hesabu pamoja. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingine Mei. Ili mbuzi awe na kinga mvua ikianza, sindano ya kwanza ni katikati ya Oktoba, ya pili mapema Novemba, ya tatu mwisho wa Novemba. Halafu katikati ya Januari, mwisho wa Februari, katikati ya Aprili. Sindano 6 kwa kila kichwa. Mwenye mbuzi 12, ambaye huku tunamwita mfugaji wa kueleweka, ana sindano 72, na zote lazima zitunzwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka zifike zizini. Jaribu kubeba kasha la barafu kwa pikipiki kutoka Masasi hadi kijiji cha bondeni Ruvuma mwezi Februari, kisha uniambie limefikaje.

Tena ilitengenezwa kwa kuwalenga kondoo, na sisi ni watu wa mbuzi.

Kwa maoni yangu ingemfaa mwenye mbuzi wengi mahali pamoja, ambaye dawa zimeshamgomea. Kwa wale wa mbuzi wanne waliofungwa kamba nyuma ya nyumba, ipo njia ya bei ya kamba yenyewe, nitaifikia.

Ni minyoo gani hasa inayotumalizia mbuzi?

Miaka ya mwanzo ya kazi nilinunua mbuzi watatu wangu mwenyewe, nikawanywesha dawa siku ile ile waliyofika, nikajiona mjanja. Jike mmoja akafa Januari. Nikampasua. Tumbo la nne nililifungua taratibu kwa kisu cha jikoni, nikamwaga yaliyomo kwenye beseni jeupe, nikaongeza maji. Vikaanza kujinyonga: nyuzi nyembamba zenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, kila mmoja na mstari mwekundu na mweupe iliyozungukana kama uzi uliosokotwa rangi mbili. Mwekundu ni utumbo uliojaa damu ya mbuzi wangu. Mweupe ni mfuko wa mayai. Ukuta wa tumbo ulikuwa na vidoa vidogo vya damu kama mtu kauchoma kwa pini.

Mnyoo mmoja hukadiriwa kumtoa mbuzi mililita 0.05 za damu kwa siku. Si kitu. Lakini minyoo 1,000 ni mililita 50, kama vijiko 10 vya chai, kila siku. Mbuzi wa kilo 20 ana damu ya lita moja na ushee tu. Na jike mmoja wa mnyoo hutaga mayai maelfu kwa siku, kwa hiyo beseni lile lilikuwa na kiwanda.

Mbuzi wangu hahari. Si ina maana hana minyoo?

Hapa ndipo tunapopoteza mbuzi wengi. Minyoo hii inayonyonya damu mara nyingi haileti kuhara. Kinyesi huweza kuwa cha kawaida kabisa, vidonge vigumu. Kinachoonekana ni weupe wa kope na fizi, uvimbe chini ya taya unaoonekana zaidi jioni baada ya mbuzi kuinamisha kichwa kutwa, kubaki nyuma ya wenzake, kuhema akipanda kilima. Anaweza kuwa bado mnene.

Kinyume chake, Oktoba na Novemba mbuzi huharisha sana huku kwetu na si minyoo. Ni mabibo. Mbuzi anayeshinda chini ya mikorosho akila mabibo yaliyoanguka anajaza tumbo sukari, tumbo linachachuka, anaharisha. (Wapo binadamu wanaopatwa na shida za mabibo hayo hayo kwa njia ya uraka, pombe yake, lakini hilo si eneo langu.) Mwondoe pale, mpe majani makavu na maji. Dawa ya minyoo haitamsaidia.

Kuangalia weupe ipo kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini. Unashusha kope la chini kwa kidole gumba, ukiwa kwenye mwanga wa jua, unalinganisha rangi ya ndani na kadi: 1 ni nyekundu iliyoiva, 5 ni nyeupe kama karatasi. Mbuzi wa 3, 4 na 5 apewe dawa. Wa 1 na 2 mwache. Picha ya kadi kwenye simu haifai, kila simu ina rangi zake. Kama huna kadi, angalia mbuzi wako wote siku moja, mmoja baada ya mwingine, aliye mweupe kuliko wenzake utamwona bila kuambiwa.

Tahadhari kwa watu wa Liwale na pembezoni mwa misitu ya Kilwa: ugonjwa unaoletwa na mbung'o nao hufanya kope kuwa jeupe. Mnyama mweupe aliyekondeana, manyoya yamesimama, na homa inayokuja na kuondoka, huyo apimwe damu kwanza.

Umesema kuna njia ya bei ya kamba. Ipi?

Msimu wa kilimo mbuzi wetu hufungwa kamba wasile mihogo na mahindi ya watu. Ni desturi nzuri na imetuepushia kesi nyingi kwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini nenda sasa hivi ukaangalie kigingi chako. Utakuta duara: katikati udongo mtupu uliokanyagwa, pembeni nyasi fupi zilizogugunwa hadi shina, na juu ya kila kitu vidonge vya kinyesi, vya leo vinang'aa, vya wiki iliyopita vimefifia. Mbuzi huyo amekula hapo wiki tatu. Anakula kwenye choo chake.

Yai la mnyoo linalotoka na kinyesi likipata joto na unyevu hutoa lava, na ndani ya siku 5 hadi 7 hivi lava hizo ziko tayari kuambukiza. Hupanda kwenye majani kwa kufuata ule utando wa umande. Haziendi juu sana, nyingi hubaki chini ya urefu wa kiganja. Mbuzi porini hula vichaka, shingo juu, hivyo hakutani nazo. Mbuzi aliyefungwa kwenye duara lililokwisha majani anagugunja pale pale chini zilipo.

Jambo zuri ni kwamba joto lile lile linaloziivisha haraka huzimaliza haraka. Lava hawali. Wanaishi kwa akiba waliyonayo, na kwenye joto kama letu akiba huisha. Visiwani Pasifiki, Fiji na Tonga, ambako hali ya hewa ni ya joto na mvua, walijaribu kuwahamisha mbuzi kila siku 3 au 4, wasirudi sehemu ile mpaka upite mwezi. Mayai kwenye kinyesi yakapungua na matumizi ya dawa yakapungua nayo.

Kwa lugha ya kijijini: vigingi 10. Vizungushe kwenye mipaka ya shamba, kando ya njia, nyuma ya choo, chini ya mwembe. Kila kigingi siku 3, ikizidi 4. Ukimaliza cha kumi, cha kwanza kimepumzika siku 27 kwa mtindo wa siku 3, au 36 kwa mtindo wa siku 4. Mzee mmoja wa Kitangari aliviweka alama kwa mabaki ya rangi, kila kigingi na idadi yake ya mistari, mjukuu wake wa darasa la tatu ndiye anayehamisha. Yule mtoto anajua leo ni kigingi cha ngapi kuliko mimi ninavyojua tarehe.

Ukiongezea mambo mawili utakuwa umefanya zaidi ya nusu ya kazi. Usimtoe mbuzi mpaka umande ukauke. Na majani ya kukata usiyamwage chini, yafunge mafungu uyaning'inize usawa wa kifua cha mbuzi. Majani ya muhogo yanyauke kwanza, mabichi yana sumu.

Nimepata pesa ya korosho, nataka kununua mbuzi. Nianzie wapi?

Anzia kwa kuwatenga. Pesa ya mnada wa korosho hutoka Oktoba hadi Desemba, mbuzi hununuliwa wakati huo, na mvua inaanza wakati huo huo. Mbuzi wa mnadani huja na minyoo yake, na mara nyingine minyoo iliyokwisha kuzoea dawa za kule alikotoka. Mweke peke yake wiki 3. Mpe dawa akiwa humo bandani, na kinyesi cha siku zile za kwanza kizikwe au kirundikwe mbali na malisho. Kosa langu kwa wale mbuzi watatu lilikuwa hapo: niliwapa dawa nikawaachia saa ile ile kwenye nyasi za jirani zilizojaa lava. Wiki hizo 3 pia zitakuonyesha kama wana sotoka au homa ya mapafu ya mbuzi kabla hawajawafikia wako wa zamani.

Dawa ipi, kiasi gani, mara ngapi?

Mbuzi si kondoo mdogo. Ini la mbuzi huiondoa dawa haraka kuliko la kondoo, na chupa nyingi zimeandikwa kipimo cha kondoo. Kwa albendazoli na ivamektini ya kunywa, wataalamu wengi humpa mbuzi karibu mara mbili ya kipimo cha kondoo. Levamisoli ni mara moja na nusu na isivuke hapo, kwa sababu ikizidi kidogo tu mbuzi anatokwa povu na kutetemeka. Muulize afisa mifugo wa kata kabla ya kupandisha kipimo chochote.

Uzito usikisie. Tunakosea kwa kupunguza, na dozi pungufu ndiyo shule ya minyoo kujifunza kuishinda dawa. Kijiji chochote cha korosho kina mizani ya kuning'iniza. Mwingize mbuzi kwenye gunia, kichwa nje, mtundike. Atapiga kelele, hatakufa.

Kuhusu mara ngapi, achana na "kila baada ya miezi mitatu" iliyoandikwa kila ukuta. Msimu wa mvua angalia kope kila wiki 2, mpe dawa anayehitaji. Hao unaowaacha bila dawa wana minyoo michache ambayo haijaonja dawa, na mayai yao yakichanganyika malishoni na ya ile minyoo sugu, usugu unachelewa kutawala. Najua inauma kumwacha mbuzi bila dawa wakati chupa unayo mkononi. Mimi pia iliniuma mwaka wa kwanza.

Ukimpa dawa na baada ya siku 10 hadi 14 bado kope ni jeupe vile vile na taya halijapungua, usirudie dawa ile ile. Badili kundi la dawa; albendazoli na febendazoli ni kundi moja, majina tu ndiyo tofauti, kwa hiyo hapo hujabadili kitu.

Nitangulize dawa ya minyoo au chanjo ya sotoka?

Dawa, wiki 1 hadi 2 kabla. Mwili uliochoshwa na minyoo huitikia chanjo vibaya. Kwa kuku wa kienyeji ni vivyo hivyo: dawa ya minyoo kwanza, kisha tone la kideri, na tone hilo lirudiwe kila miezi 3. Lakini wachanjaji wakifika kijijini leo na wewe hujanywesha dawa, usiwaambie warudi wiki ijayo. Hawatarudi. Chanja leo.

Ng'ombe wetu wako mabondeni. Wanahitaji kitu tofauti?

Wanahitaji. Mabonde ya Matandu, Mbwemkuru, Lukuledi na kandokando ya Ruvuma yana madimbwi na majaruba ya mpunga, na madimbwi yana konokono, na konokono ndio wanaolea minyoo ya ini. Ng'ombe waliofika Lindi na wafugaji waliohamishwa kutoka Ihefu kuanzia 2006 hunywa huko. Albendazoli kwa kipimo cha kawaida haifanyi kitu kwa minyoo michanga ya ini; kipimo chake cha ini ni kikubwa zaidi na huua minyoo iliyokomaa tu. Zipo dawa mahsusi kama triklabendazoli na oksiklozanidi. Juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yenyewe watu huyanunua kwa ndoo, minyoo ya ini si tatizo kubwa. Usimnunulie mbuzi wa Newala dawa ya ng'ombe wa Kilwa.

Na nguruwe?

Wanaofuga, hasa Masasi na Ndanda, wasome hapa. Wengine rukeni.

Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai yanageuka malengelenge kwenye nyama, yale yanayofanana na punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva anapata tegu. Na mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, malengelenge yanaweza kukaa kwenye ubongo wake, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kifafa cha ukubwani. Kwa hiyo jirani asiyegusa nguruwe maisha yake yote naye yumo hatarini, kama anakaa karibu na mtu mwenye tegu.

Hapa chanjo ipo na ni nzuri. Inaitwa TSOL18, ilianzia Chuo Kikuu cha Melbourne, inatengenezwa India kwa jina la Cysvax. Huchomwa mara mbili zikipishana wiki 3 hadi 4, ikiambatana na dawa ya oksifendazoli ya kusafisha malengelenge yaliyokwisha kuingia. Mbeya Vijijini na Mbozi ilijaribiwa pamoja na dawa hiyo. Ulizieni ofisi ya mifugo ya wilaya, na wakati mnaulizia, nguruwe afungiwe bandani na choo kiwe na mlango.

Mwarobaini, mbegu za maboga, mbegu za papai?

Baadhi vina nguvu fulani dhidi ya minyoo vikijaribiwa, ila hakuna anayejua mkono wako mmoja wa majani una kiasi gani. Kwa mbuzi ambaye kope bado jekundu, mpe ukitaka. Kwa aliyevimba taya unampotezea siku zake za mwisho. Mafuta ya ganda la korosho usimnyweshe mnyama yeyote, hata kama babu alifanya. Yanachubua mikono ya wabanguaji. Fikiria koo la mbuzi.

Mbuzi mwenye mimba apewe dawa? Maziwa na nyama je?

Albendazoli isitumike mwezi wa kwanza wa mimba, huweza kulemaza mtoto. Baada ya kuzaa kope liangaliwe sana, maana jike anayenyonyesha kinga yake hushuka. Nyama na maziwa yana siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, na ivamektini usimpe mnyama ambaye maziwa yake mnakunywa.

Kinyesi kinapimwa wapi?

Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo chake Mtwara. Chukua kinyesi moja kwa moja kutoka kwa mbuzi, si cha kuokota chini, vidonge 5 hadi 10, funga kwenye mfuko mdogo wa plastiki bila hewa, andika jina la mbuzi na tarehe. Kisikae juani. Kama hakifiki siku hiyo hiyo, kiweke kwenye friji, si kwenye sehemu ya barafu. Na mwambie mama wa nyumbani mapema kilichomo kwenye mfuko huo.